Vocha ya dola 150 kwa dakika 90: twende au tusiende?

"Tuko likizo ya siku sita, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Jana pale mapokezi kijana mmoja mchangamfu alitualika kesho kutwa asubuhi kwenye 'maelezo mafupi' ya dakika 90 kuhusu kumiliki nyumba ya likizo kwa zamu. Kifungua kinywa ni juu yao, na tukimaliza tunapewa vocha ya dola 150 na tiketi nne za bustani ya michezo ya maji. Tumeacha amana ya dola 40, na amesisitiza twende wote wawili. Mume wangu anasema hiyo ni pesa ya bure: tukae, tusikilize, tuseme hapana, tuondoke. Mimi naogopa. Dada yangu alikwenda hivyo hivyo miaka minne iliyopita, na hadi leo analipa. Halafu naona kama ni kula chakula cha watu huku ukijua hununui. Twende au tusiende? Na ikitokea tumesaini, kuna kutoka?"

Ndugu yangu, mnaweza kwenda na mkarudi na vocha yenu. Kuna watu wanafanya hivyo kila siku, na kampuni inalijua hilo vizuri kuliko wewe. Ila kwa likizo ya siku sita yenye watoto wawili, mimi nisingekwenda, na sababu yangu si utapeli. Ni kwamba kati yenu kuna mmoja anayeogopa na mmoja asiyeogopa. Nimesoma mikataba hii mingi na kuwasikiliza wengi waliosaini, na mara nyingi anayeshika kalamu wa kwanza huwa ni yule asiyeogopa.

Hilo neno utapeli tuliweke sawa kwanza, maana pengine dada yako hulitumia. Biashara yenyewe, wengine huiita taimushea, ni halali. Wazo lilianza Ulaya miaka ya 1960. Hapimag ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1963, ni miongoni mwa kampuni za mwanzo kabisa. Watu wengi wanachangia nyumba za likizo, kila mmoja anazitumia kwa zamu yake. Miaka ya 1970 likavuka kwenda Marekani, ambako wajenzi wa majengo ya ufukweni, hasa Florida, walikuwa na vyumba visivyouzika. Siku hizi ni nadra kuuziwa wiki fulani ya nyumba fulani kama zamani. Unauziwa pointi, ambazo unazibadilisha kuwa siku za kulala kwa kufuata jedwali la kampuni yenyewe. Zipo familia zinazoridhika kabisa: zinasafiri kila mwaka, zinapanga mapema, zinapenda nyumba yenye jiko na vyumba viwili. Sitakuficha hilo.

Kwa hiyo vocha mtapewa, kwa kuwa kampuni kubwa haipati faida yoyote kuwanyima. Kasoro za zawadi hizi huwa kwenye maandishi madogo. Vocha inaweza kutumika katika migahawa yao tu, tena siku za katikati ya wiki. Tiketi zinaweza kuwa na tarehe ambazo nyinyi mtakuwa mmeshaondoka. Na kama mgeni alipewa malazi ya bei ya chini kwa ahadi kwamba atahudhuria, asipohudhuria huenda akatozwa bei kamili. Usome mwaliko leo, usisubiri hadi siku yenyewe.

Nani analipia hayo yote? Kampuni kubwa za Marekani zilizo kwenye soko la hisa huwatangazia wenye hisa wao kipimo kimoja: mauzo kwa kila mgeni. Wanachukua mauzo ya kipindi fulani, wanayagawa kwa idadi ya meza zilizohudhuria maelezo, zilizonunua na zisizonunua pamoja. Miaka ya karibuni, katika kampuni kadhaa kubwa, namba hiyo imekuwa ikizidi dola 3,000. Maana yake ni kwamba nyinyi mkiketi tu, kabla hamjafungua mdomo, kwenye vitabu vyao meza yenu wastani wake ni dola 3,000. Vocha, tiketi na mayai ya asubuhi ni gharama ya kawaida ya kazi, kama mafuta ya gari kwa dereva wa teksi. Katika kampuni hizo gharama za kutafuta wateja na kuuza hukaribia nusu ya bei ya kitu chenyewe, na pengine huizidi nusu hiyo. Ndiyo maana kitu kilichouzwa kwa dola 20,000 asubuhi hakina thamani hiyo jioni. Zipo zamu zinazotangazwa mtandaoni kwa dola 1 na hazipati mtu, kwa sababu anayeichukua anabeba na ada yake ya kila mwaka.

Hapo pia pana jibu la dhamiri yako. Hamli chakula cha mtu kwa hila. Wamewaalika wakijua kwamba wengi hawanunui, na hesabu yao imeshamlipia asiyenunua kwa pesa za anayenunua. Wajibu wenu ni mdogo: kwenye fomu mseme kweli kuhusu umri, ndoa na kipato, na mkae muda mlioahidi. Mimi huruma yangu iko kwa muuzaji atakayekaa nanyi. Wengi wao hulipwa kamisheni tu, hawana mshahara, na meza isiyonunua ni asubuhi iliyokwenda bure. Mwambieni mapema na kwa upole kwamba leo hamnunui. Hatawaamini, lakini mtakuwa mmesema.

Sasa tuingie chumbani. Niliwahi kuketi kwenye meza hizo mwenyewe, nikijua karibu yote ninayokueleza hapa, na bado nilitoka jasho.

Yule bwana hakuanza na bei. Kama dakika ishirini nzima aliniuliza habari zangu: mwaka jana ulikwenda wapi, watoto wana umri gani, ni mahali gani umetamani kufika maisha yako yote na hujafika? Nilijibu kama ninavyoongea na binamu yangu. Kila jibu likaenda kwenye karatasi. Kisha akauliza, polepole, likizo zetu zinakula kiasi gani kwa mwaka. Nikasema labda 2,500. Akaiandika ile namba kichwa chini miguu juu, ili mimi niliyekaa ng'ambo ya meza niisome vizuri. Nilivutiwa na ufundi ule wa mkono hadi nikasahau kuuliza anachoandika. Alizidisha kwa miaka 30, akaongeza kupanda kwa bei, namba ikapita 100,000. Akachora mstari chini yake, akaweka kalamu mezani baina yetu, akauliza: "Hiyo yote ni kodi ya nyumba ya mtu mwingine. Mwisho wake utakuwa umeshika nini?"

Swali zuri sana lile. Kosa lake lilikuwa kwa yale ambayo hayakuandikwa. Karatasi ile haikuwa na ada ya matengenezo, ambayo mwenye zamu huilipa kila mwaka asafiri asisafiri, na ambayo nayo hupanda kama hoteli zinavyopanda. Haikuwa na nauli, wala riba ya mkopo.

Baada ya hapo mnapelekwa kuona nyumba ya maonyesho, kisha mnarudi mezani, na ndipo bei inatajwa. Mtasema hapana. Atakuja mtu wa pili, mara nyingi anaitwa meneja, na bei itashuka. Mtasema hapana tena, itashuka tena. Bei ya kwanza haikuwekwa ili mtu ailipe, iliwekwa ili ya tatu ionekane kama fadhila. Na itakuwa "ya leo tu", kwa kuwa wanajua usiku huu mtafungua simu na kukutana na zile zamu za dola 1. Meza ya jirani ikisaini, msishangae kusikia makofi au kengele. Yale makofi yanawalenga nyinyi.

Kisha, mkiwa njiani kuchukua vocha, mkishajiona mmeshinda, atatokea mtu mtulivu asiye na haraka na kifurushi kidogo cha majaribio: dola elfu moja au mbili, mje mlale siku kadhaa mjionee. Wengi waliokataa dola 20,000 mara tatu wanakubali hiki, kwa aibu ya kusema hapana mara ya nne. Na sharti la kifurushi huwa ni kwamba mkija mtahudhuria maelezo mengine.

Nimekuambia kuhusu anayeogopa na asiyeogopa. Kijana amesisitiza mje wote wawili kwa sababu mtu aliye peke yake ana mlango wa heshima wa kutokea: "nitaongea na mwenzangu kwanza." Mkija wawili mlango huo umefungwa. Na muuzaji hahitaji kuwashawishi wote. Anahitaji mmoja tu aanze kutikisa kichwa, na huyo ndiye atakayemalizia kazi ya kumshawishi mwenzake. Mumeo anakwenda akiamini hakuna wa kumgeuza, kwa hiyo hajajiandaa kwa lolote. Akipewa hesabu nzuri, tena na mtu mwenye adabu, ataona si yeye aliyeuziwa, ni yeye aliyegundua. Katikati ya hayo mtoto anatoka chumba cha michezo analia njaa, dakika 90 zimekuwa masaa matatu, na kusaini kunaanza kuonekana ndiyo njia fupi ya kwenda kula. Waliosaini hawakuwa wajinga. Nimekutana na mhasibu kati yao.

Nikupe hesabu ya kumwonyesha mumeo leo usiku, kwa namba za mfano zisizo mbali na zinazotajwa mezani. Bei 20,000. Mnatanguliza 2,000, mnakopeshwa 18,000 na kampuni hiyohiyo kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 10. Mikopo hii huwa na riba ya juu namna hiyo. Kila mwezi mnalipa kama dola 290, na mwisho wa miaka 10 mmetoa karibu 36,850. Ongeza ada ya matengenezo ya 1,000 kwa mwaka, tuseme haikupanda hata senti, ni 10,000. Jumla karibu 46,850, kwa wiki kumi za kulala, yaani usiku 70. Kila usiku umewagharimu takriban dola 670. Mkishamaliza mkopo, ada inaendelea, na mikataba mingi haina mwisho mpaka urithi. Mwulize kama kuna hoteli mliyowahi kulala kwa bei hiyo.

Mkiamua kwenda, nendeni hivi. Pigeni picha mwaliko, hasa sehemu inayotaja muda, zawadi na amana. Mkiketi, mseme saa mliyoanza na saa mtakayoondoka, simu iwe mezani. Kadi za krediti ziacheni chumbani, labda mwaliko uwe unataka muonyeshe moja. Na kabla ya kutoka mkubaliane sentensi moja itakayosemwa na yeyote kati yenu: "Hatusaini kitu siku tunapoonyeshwa." Ikishasemwa na mmoja, mwingine asiiongezee neno. Msitoe sababu. Kila sababu ina jibu walilofundishwa. Ukisema ni ghali, watashusha bei. Ukisema hamsafiri sana, watakuletea pointi zinazotolewa mara moja kila miaka miwili. Hapana isiyo na sababu haina mahali pa kushikwa. Ukipenda kupima, omba nakala ya mkataba na bei iliyoandikwa ukasome chumbani hadi kesho, kisha mwangalie muuzaji uso.

Dakika 90 zikiisha simameni. "Muda wetu umekwisha, tunaomba zawadi yetu." Deni lenu lilikuwa muda, na limelipwa. Hakuna sheria inayomruhusu mtu kuwazuia, na akiwakalia kitambulisho au mlango, hiyo si biashara tena, piga simu polisi. Ni jambo la nadra, lakini nimeulizwa.

Ulichouliza mwisho ndicho ningetaka kila anayekwenda likizo akijue. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, lakini haya yanazoleka, ila kwa siku chache tu. Sehemu nyingi zinazouza zamu kwa wingi zina sheria inayompa mnunuzi siku za kujitoa bila sababu na bila faini, akarudishiwa pesa. Kwenye majimbo ya Marekani, Florida ni siku 10, California na Hawaii 7, Nevada 5. Meksiko ni siku 5 za kazi. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza ni siku 14, na humo ndani muuzaji haruhusiwi kupokea hata malipo ya awali. Akikuomba kadi siku ya kusaini, ameshavunja sheria. Kinachohesabika kwa kawaida ni sheria ya mahali mkataba ulipofanyika, si ya nyumbani kwenu. Huko Florida hata ukisaini karatasi inayosema umeiacha haki hiyo, karatasi hiyo haina nguvu.

Kwa hiyo mkijikuta mmesaini, kazi inaanza usiku uleule. Tafuteni ndani ya lile jalada walilowapa ukurasa unaoeleza namna ya kujitoa na anwani ya kupeleka taarifa. Huwa upo, mara nyingi chini ya vitu vingine vyote. Andikeni barua fupi: majina yenu kama yalivyo kwenye mkataba, namba ya mkataba, tarehe ya kusaini, na sentensi kwamba mnajitoa katika mkataba na mnataka pesa yenu yote irudishwe. Sababu msitaje. Sainini wote wawili, mpige picha, mtume kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba, na kama ni posta iwe barua ya rejista yenye risiti. Kumpigia muuzaji simu hakutoshi hata akikubali kwa maneno matamu. Msirudi ofisini kwao "kuzungumza", maana mtakuwa mmejipeleka kwenye maelezo ya pili. Na kwa hatua hii msipoteze siku kutafuta wakili. Barua kwanza, wakili baadaye. Kama siku zimeshapita, au pesa haikurudi, hapo ndipo pa kuketi ana kwa ana na wakili anayejua sheria za mahali mliposainia, au ofisi ya kuwatetea walaji ya huko.

Dada yako ameshapita hapo, na ndiye anayenitia wasiwasi zaidi kuliko nyinyi. Mtu anayelipa zamu asiyoitaka ni windo. Atapigiwa simu na watu wanaosema wana mnunuzi tayari, au wanaweza kumtoa kwenye mkataba, atangulize tu ada au kodi kidogo. Asitoe. Mwezi Julai 2024 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, na Wizara ya Fedha ya nchi hiyo walitoa onyo la pamoja kuhusu magenge ya Meksiko yanayowaibia wenye zamu kwa njia hiyohiyo, na anayelizwa mara ya kwanza hupigiwa tena na "wakili" wa kumrudishia zilizoibwa. Aanze na kampuni iliyomuuzia, kwa maandishi, aulize kama wana utaratibu wa kurudisha zamu. Baadhi wanao, ingawa kwa kawaida hutaka mkopo uwe umeisha na ada isiwe na deni. Asiache kulipa kimyakimya kabla hajapata ushauri, kwani deni linaweza kumharibia rekodi ya mikopo. Na mkataba wenyewe aupeleke ukasomwe. Wakati mwingine humo humo kuna kasoro ya kumtoa: Hispania, kwa mfano, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba mikataba ya zamu isiyo na kikomo cha miaka, iliyofanywa baada ya sheria ya mwaka 1998 kuanza kutumika, ni batili.

Imebaki dola 40 yenu. Angalia risiti: mara nyingi amana hurudishwa mkighairi kabla ya saa fulani, wakati mwingine siku moja kabla, kwa hiyo mna leo na pengine kesho asubuhi. Nendeni mapokezi mkaombe irudishwe kwenye kadi ileile iliyolipia. Kijana atawauliza kwa nini mmebadili mawazo. Mwambie hamna nafasi, basi. Akiongeza vocha ifike 200, mshike mumeo mkono.